Sura ya Sita: Dracula Apewa Kibali

Mwaka 1971 wachapishaji wa katuni wa Marekani walizifanyia marekebisho kanuni walizojiwekea wenyewe tangu 1954. Kanuni za awali zilikuwa zimefukuza kurasani karibu kila kiumbe cha kutisha: wanyonya damu, wala maiti, watu wanaogeuka mbwamwitu, maiti wanaotembea. Sasa wengi wao waliruhusiwa kurudi, kwa sharti moja. Wasimuliwe kwa desturi ya riwaya za kale zenye sifa, kama Frankenstein na Dracula, na kazi za waandishi wanaoheshimika kama Edgar Allan Poe, Saki na Conan Doyle, ambao vitabu vyao husomwa shuleni. Zombi hakupata msamaha huo. Asili yake ni masimulizi ya watu wa Haiti, na nyuma yake hapakuwa na riwaya kubwa ya Ulaya ya kumdhamini. Alisubiri nje hadi 1989.

Msomaji wa Tanzania aliyekua akisikia habari za misukule ataona mara moja uonevu uliomo humo. Simulizi inayowatia watu hofu vizazi hadi vizazi haikuhesabiwa kuwa na ukoo, kwa sababu tu haikupita mikononi mwa mchapishaji wa London. Kampuni ya Marvel ilipowahitaji maiti hao katika miaka ya 1970, ilibidi iwape jina jingine, "zuvembie", lililotoka katika hadithi ya Robert E. Howard ya mwaka 1938. Maiti ni walewale na mwendo ni uleule, ila sasa walikuwa na mwandishi wa kuwatetea.

Naanza na ibara hiyo kwa kuwa inatamka waziwazi jambo ambalo wasomaji wengi wanaliamini bila kulisema: kwamba katuni haina heshima yake yenyewe, mpaka iiazime kwa riwaya. Hata sisi tunaijua imani hiyo. Wahakiki wetu wamezoea kuzigawa riwaya za Kiswahili katika mafungu mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na hadithi za picha hazipewi hata fungu la tatu. Mtoto akikutwa na gazeti la katuni la Sani, ameinamia visa vya Lodi Lofa na Ndumilakuwili, huambiwa aache upuuzi ashike kitabu. Kizazi kizima cha Wakenya kilimfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau ndani ya Taifa Leo, lakini ni wachache kati yao ambao wangethubutu kusema kwamba huko nako kulikuwa kusoma.

Nimezisoma katuni za kutisha, za upelelezi na za sayansi ya kubuni sambamba na riwaya zilizozizaa, na kauli yangu ni tofauti. Katuni zilizo bora hazikuwa bora kwa sababu zilimtumikia Bram Stoker au Mary Shelley. Zilikuwa bora pale mchoraji alipopewa nafasi ya kufanya kile ambacho sentensi haikiwezi. Na riwaya zenyewe, zilipotoka mara ya kwanza, hazikuwa na hadhi tunayozipa leo.

Turudi kwanza 1954, maana ndipo kesi ilipofunguliwa. Mwaka huo daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha Seduction of the Innocent, kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto na kuwasukuma kwenye uhalifu. Mwezi Aprili kamati ndogo ya Seneti ilifanya vikao New York. William Gaines, mwenye kampuni ya EC, alijitokeza mwenyewe kutetea kazi yake. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada la toleo moja, mwanamume ameshika shoka mkono mmoja na kichwa cha mwanamke mkono wa pili, akamuuliza kama hilo ni jambo la staha. Gaines alijibu kwamba kwa jalada la katuni ya kutisha, ndiyo. Jibu hilo lilimmaliza. Kabla mwaka haujaisha wachapishaji walikuwa wameunda chombo cha kukagua kurasa na kugonga mhuri, na wasambazaji wakawa hawapokei katuni isiyo na mhuri huo. Neno "horror" lenyewe halikuruhusiwa kwenye jina la gazeti.

Nisiwapambe EC. Hadithi zao nyingi za kutisha zilifuata njia moja: mume mbaya au mke mbaya, mauaji, kisha maiti anafufuka kulipiza. Ukisoma kumi mfululizo, ya kumi na moja unaijua mwisho wake kabla hujaifungua. Kulikuwa na tatizo jingine, kubwa zaidi kwa maoni yangu. Mhariri Al Feldstein aliandika maneno kwanza, maneno mengi mno, yakapigwa kwa kifaa cha herufi juu ya karatasi ambayo tayari ilikuwa imegawanywa fremu, ndipo mchoraji akapewa nafasi iliyobaki. Picha ilifika mezani imechelewa. Fremu inasema mtu anafungua mlango kwa hofu, na chini yake unaona mtu anafungua mlango kwa hofu.

Kasoro hiyo inaonekana hata katika kazi zao za heshima, zile zilizotokana na Ray Bradbury. Uhusiano huo ulianza kwa wizi. Mwaka 1952 EC waliunganisha hadithi zake mbili wakazitoa kama moja, bila kumwomba. Bradbury hakwenda mahakamani. Aliandika barua ya upole akisema kwamba bila shaka wamesahau kumtumia malipo yake ya dola 50. Gaines alilipa, na kuanzia hapo hadithi za Bradbury zikaendelea kutolewa kwa ruhusa na kwa jina lake. Mojawapo ni ile ya nyumba inayojiendesha yenyewe baada ya bomu la nyuklia, ikiendelea kupika kifungua kinywa cha watu ambao hawapo tena, vivuli vyao vimebaki vimechapwa ukutani. Wally Wood aliichora mwaka 1953, na alikuwa mchoraji wa ajabu. Kila chombo cha jikoni humo kinang'aa. Lakini maneno ya Bradbury yamejazwa juu ya picha hadi kimya cha nyumba ile, ambacho ndicho hadithi yenyewe, hakipati pa kukaa. Nyumba tupu ilistahili kurasa tupu. Hapo naipendelea hadithi ya maandishi, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa tazama alichofanya Bernard Krigstein mwaka 1955. Alipewa hadithi ya kurasa 6, "Master Race", akaomba apewe 12. Baada ya mabishano akapata 8. Alichukua karatasi zilizokwisha andikwa maneno, akazikatakata, akazipanga upya apendavyo.

Hadithi inaanza kwenye ngazi za stesheni ya treni ya chini ya ardhi, mjini New York. Carl Reissman anashuka, anaketi ndani ya behewa, anatazama mlango kila treni inaposimama. Maelezo yanamwita "wewe", kwa hiyo tunaingia ndani ya woga wake na tunamhurumia. Tunadhani ni mtu aliyenusurika kambi za Wanazi. Kituo kimoja anaingia mtu mwembamba aliyevaa nguo nyeusi. Reissman anamtambua. Kumbukumbu zinafunguka: umati unaoshangilia, vitabu vinavyochomwa, kambi ya Belsen. Ndipo tunagundua kwamba huyu tuliyemhurumia hakuwa mfungwa. Alikuwa kamanda wa kambi.

Kilichomfanya Krigstein aombe kurasa zaidi kiko mwishoni. Reissman anakimbia kwenye jukwaa la stesheni, anateleza, anaanguka kwenye reli. Mchoraji mwingine angetupa fremu moja ya mtu anayeanguka na nyingine ya treni. Krigstein alikipasua kitendo hicho vipande vyembamba vilivyosimama wima, mguu unapoteza ukingo, mwili unainama, mikono inatafuta pa kushika, na macho ya msomaji yanalazimika kupita kipande kwa kipande, polepole, kwenye jambo lililochukua nukta chache tu. Kisha treni inapita. Nyuso za abiria dirishani zimechorwa zikijirudiarudia, kila uso mara kadhaa, kama jicho linavyoziona mwendo ukiwa mkali. Watu wanapokusanyika, mtu mwembamba anasema hamfahamu marehemu. Huenda ni kweli. Huenda Reissman aliuawa na dhamiri yake tu.

Riwaya inaweza kutuambia kwamba muda ulirefuka. Tolstoy aliweza, Dostoyevsky aliweza. Lakini kukaa na vipande vile mbele yako, ukichagua mwenyewe kasi ya kuvipita, ukirudi nyuma kwa jicho tu bila kufunua ukurasa, hilo ni la katuni peke yake. Kurasa 8 hizo zilitoka katika gazeti la bei rahisi, na hazikuazima jina la mwandishi yeyote wa kale. Kwangu mimi ni miongoni mwa hadithi fupi kubwa za miaka ya 1950, za maneno na za picha zikiwekwa pamoja.

Kuna nyingine ya EC ambayo haiwezi kurukwa, "Judgment Day", iliyochorwa na Joe Orlando mwaka 1953. Mjumbe kutoka Dunia, Tarlton, anafika sayari inayokaliwa na roboti ili kuamua kama inastahili kuingia katika umoja wa sayari. Anakuta roboti wa rangi ya chungwa wanaishi vizuri na wa rangi ya buluu wanasukumwa mitaa ya nyuma na kazi duni, ingawa kiwandani wote wanatengenezwa kwa mitambo ileile na tofauti ni ganda la nje tu. Anawakatalia. Akiwa tayari ndani ya chombo chake anavua helmeti, na katika fremu ya mwisho tunaona kwamba ni mtu mweusi, matone ya jasho yakimetameta usoni. Kama fundisho, hadithi hiyo ni ya waziwazi mno. Msomaji makini anajua inakoelekea tangu ukurasa wa pili. Lakini fremu ya mwisho haisemi lolote kuhusu rangi ya Tarlton. Inaonyesha tu, halafu imekwisha.

Gaines alipotaka kuirudia mwaka 1956, mkaguzi mkuu wa kanuni, hakimu Charles Murphy, alidai mwanaanga huyo asiwe mweusi. Gaines alikataa, na hadithi ikatoka ilivyo. Hilo likawa toleo la mwisho la katuni za EC. Kampuni ikabaki na jarida la Mad peke yake. Nikiambiwa kwamba kanuni zile zililinda watoto, naiweka hadithi hii mezani.

Je, riwaya zilizotumiwa kama wadhamini mwaka 1971 zilizaliwa na heshima? Frankenstein ilitoka tarehe 1 Januari 1818 bila jina la mwandishi, nakala 500 tu, na aliyeiandika alikuwa ameianza akiwa msichana wa miaka 18. Conan Doyle alimchoka Sherlock Holmes kiasi cha kumuua, kwa kuwa alitaka akumbukwe kwa riwaya zake za kihistoria. Mtu anayeziweka kazi hizo juu ya katuni kwa sababu ya daraja lao, anazipa daraja ambalo wakati wao hawakulijua.

Picha nazo zilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1836 mpango wa The Pickwick Papers ulikuwa wa mchoraji Robert Seymour: yeye angechora vituko vya kundi la wapenda michezo, na kijana mmoja aitwaye Charles Dickens angeandika maneno ya kusindikiza. Dickens aliupindua mpango. Seymour alijiua baada ya toleo la kwanza tu, Dickens akatafuta mchoraji atakayemfuata yeye, na kazi ikaendelea kutoka kila mwezi kwa shilingi moja. Ni kisa cha huzuni, na sikitaji ili kumshutumu yeyote. Ninachosema ni kwamba mmoja wa waandishi wakuu wa Uingereza aliingia katika riwaya kwa kazi ya kuandika maneno chini ya picha za mwenzake.

Au chukua kofia ya Holmes, ile yenye ukingo mbele na nyuma na masikio yaliyofungwa juu. Doyle alitaja tu kofia ya kitambaa inayobana kichwa. Aliyeipa umbo tunalolijua ni Sidney Paget, mchoraji wa jarida la Strand, mwaka 1891. Leo ukichora kivuli cha kofia hiyo na kiko, mtu yeyote anajua ni nani. Holmes ana baba wawili, na mmoja wao alishika penseli.

Treasure Island nayo ilianza kwa ramani. Stevenson aliichora mwaka 1881 huko Scotland, akiwa nyumbani na mtoto wake wa kambo, na majina ya ghuba na vilima ndiyo yaliyomletea watu wa kuviishi. Rider Haggard, ambaye inasimuliwa kwamba aliwekeana dau na ndugu yake kuwa anaweza kuandika kitabu kisichopungua hicho, naye aliweka ramani ndani ya King Solomon's Mines, mwaka 1885: kitambaa kilichochorwa kwa damu na Mreno aliyekuwa akifa mlimani. Vitabu hivyo viwili ndivyo vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920 na Frederick Johnson, kama Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Babu na bibi zetu waliokuwa shuleni walipewa hadithi mbili pendwa, zenye michoro moyoni mwake, wakaambiwa hizi ndizo vitabu.

Waliojaribu kuziunganisha pande mbili kwa makusudi hawakufaulu sana. Kuanzia 1941 Albert Kanter alitoa mfululizo ambao baadaye uliitwa Classics Illustrated, riwaya kubwa zikifupishwa kuwa katuni: The Three Musketeers kwanza, kisha nyingine nyingi, hadi 1971. Nia ilikuwa njema, na mwishoni mwa kila kitabu msomaji alihimizwa akasome kitabu chenyewe. Ubaya uko papo hapo. Katuni inayoomba radhi kwa kuwepo kwake haiwezi kusimama. Watu wamesimama wima wakielezana matukio, mapigano yanakwisha kwa fremu mbili, na kila mahali kunaonekana hofu ya kuacha jambo lililomo riwayani. Frankenstein ya aina hiyo inabaki na matukio na kupoteza uchungu. Kiumbe wa Mary Shelley ni msomi, amesoma Milton na Plutarch kibandani akiwa amejificha, na anamhoji aliyemuumba kwa ufasaha unaotisha kuliko mikono yake. Ukikata maneno yake huna budi kumlipa kwa picha yenye uzito uleule, na malipo hayo hayakutolewa.

Bernie Wrightson aliyatoa. Toleo lake la Frankenstein la mwaka 1983 si katuni; ni riwaya nzima ikiwa na michoro yake ya kalamu na wino, kazi ya miaka kadhaa. Katika mchoro wa maabara, chupa na mirija vimejaa kutoka ukingo hadi ukingo, kila kioo kina mwanga wake, na Victor Frankenstein, muumba wa kiumbe huyo, amesimama katikati akiwa mdogo mbele ya vyombo vyake mwenyewe. Shelley hakuieleza maabara hiyo kwa urefu. Wrightson hakumfuata neno kwa neno. Aliona kwamba kiburi cha Victor kiko kwenye wingi wa vitu alivyokusanya, akachora wingi huo.

Ruhusa ya 1971 ilileta pia The Tomb of Dracula ya Marvel, iliyoanza 1972 na kufika matoleo 70, yote yakiwa yamechorwa na Gene Colan. Hapa nakiri kwamba kibali kilizaa tunda zuri, ila si kwa sababu kilichotarajiwa. Katika riwaya ya Stoker ya 1897 tunasoma shajara na barua za kila mtu isipokuwa Dracula mwenyewe. Baada ya sura za mwanzo yeye anakuwa kivuli kinachosemwa na wengine. Hiyo ni akili kubwa ya Stoker, na mchoraji hawezi kuiiga, maana katuni ya mhusika asiyeonekana itakwenda matoleo mangapi? Mwandishi Marv Wolfman na Colan walifanya kinyume. Walimleta Dracula mbele, mtawala mwenye hasira na majivuno, uso umechongoka, joho linayeyuka kuwa ukungu na ukungu unageuka kuwa vivuli vya mtaa. Mstari wa Colan hauna ukingo thabiti; huwezi kuonyesha kwa kidole mahali mwili unapoishia na giza linapoanza.

Walikuwa wasomaji wazuri pia. Riwaya inafungwa kwa habari ya mtoto wa Mina na Jonathan Harker, Quincey. Katuni ilimchukua mtoto huyo ikamfanya mzee kwenye kiti cha magurudumu, aliyetumia maisha yake yote kumwinda adui wa wazazi wake. Huo ndio usomaji ninaouheshimu: kuuliza kitabu kimeacha nani, na huyo aliyeachwa akawa nani. Toleo la 10, mwaka 1973, likamleta mwindaji mweusi, Blade, ambaye mama yake aliumwa na mnyonya damu wakati akimzaa. Vijana waliojazana kwenye mabanda ya video ya Afrika Mashariki kumtazama Wesley Snipes katika filamu ya 1998 walikuwa wakitazama tawi la riwaya ya Stoker, na lililoliotesha ni gazeti la katuni.

Kazi inayotajwa zaidi kila mjadala huu unapozuka ni The League of Extraordinary Gentlemen, ya Alan Moore na Kevin O'Neill, iliyoanza 1999. Inawakusanya Mina wa Dracula, Allan Quatermain wa Haggard, Kapteni Nemo wa Jules Verne, Dakta Jekyll na mtu asiyeonekana wa H. G. Wells, wanatumwa kazi na serikali ya Uingereza. Vitabu viwili vya mwanzo nimevipenda kwa moyo wote. Quatermain, yule shujaa wa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tunamkuta Cairo amedhoofika kwa afyuni, na anayeongoza kundi ni Mina. Nemo amerudishiwa asili yake. Verne alimtaja waziwazi kuwa mwana wa mfalme wa Kihindi aliyepigana na Waingereza. Filamu ya 1954 ikampa sura ya Mwingereza James Mason. O'Neill alimchora na kilemba chake, ndevu zake na hasira yake dhidi ya dola anayoitumikia.

Lakini hatuna budi kuisoma kama watu ambao babu zetu wamo ndani ya vitabu hivyo. Haggard anamwonyesha msichana Mwafrika anayempenda mmoja wa Wazungu, anamwua, kisha Quatermain anaona kwamba kifo hicho kimewaepusha na matata. Moore anajua ubaguzi wa riwaya za enzi hiyo na anataka kuuanika. Hata hivyo, katika kurasa za mwanzo kabisa, wanaume wa Cairo wapo ili wamvamie Mina, na Mchina wa London ni jitu la kutisha kama lilivyokuwa katika hadithi za miaka ile. Kuirudia picha ya matusi kwa nia ya kuikejeli, bila kumpa aliyetukanwa hata fremu moja ya kuwa mtu, ni kuirudia tu. Wangemtazama Quincy Harker wa Wolfman wangeona njia. Baadaye, kuanzia Black Dossier ya 2007, mfululizo ukajaa majina na vidokezo mpaka hadithi ikakosa hewa. Msomaji anahongwa kwa furaha ya kumtambua fulani kutoka kitabu fulani, na kutambua si sawa na kuguswa.

Kwa Kiswahili tunaye mtu aliyeielewa kazi hii ya kurithi kuliko wengi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimtazama Holmes na Watson, akawachukua kiko, rafiki msindikizaji na akili ya kuunganisha vidokezo, kisha akawaacha wengine wote London. Bwana Msa na Najum wanatembea Unguja, kati ya mashamba, mizimu na fitina za urithi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu 1960. Sherehe ya hadithi hiyo ni mazungumzo: watu wazima wanaheshimiana kwa maneno huku kila mmoja anamficha mwenzake jambo. Msa hamkatizi mzee anayedanganya. Anamwacha aseme hadi uongo ujifunge wenyewe. Abdulla hakuomba kibali cha Doyle, na hakumdharau.

Namtaka Bwana Msa achorwe. Simaanishi muhtasari wa kuwasaidia watoto kufaulu mtihani, wenye watu waliosimama wima wakisimuliana riwaya. Namaanisha mchoraji anayeijua Unguja, atakayeuchora uso wa mzee anayesema uongo mara tano mfululizo, tofauti ikiwa ni nyusi tu, na kuliacha shamba la mikarafuu lichukue ukurasa mzima bila neno. Wachoraji wenye mkono huo tunao. Magazeti yetu yamewalea kwa miongo mingi kwa fremu tatu au nne kwa siku. Mchapishaji unayesoma sura hii, mtafute mmoja wao, mlipe kama unavyomlipa mwandishi, weka jina lake jaladani, na akikuambia hadithi inahitaji kurasa 12, usimpe 8.